Njia Ile Ile, Mwezi wa Machi

Njia uliyoizoea ina tabia ya kupotea machoni. Miguu inajua pa kukaza, mikono inajua pa kushika breki, mwili wenyewe unakwepa shimo kabla hujalifikiria. Akili ikishaona haihitajiki, huondoka zake: inakwenda kwenye kodi ya nyumba, kwenye simu ya nyumbani ambayo bado hujairudisha, kwenye zamu ya usiku. Unafika salama, unafunga baiskeli, na mtu akikuuliza umeona nini njiani huna la kumsimulia.

Ushauri unaotolewa kwa mtu wa namna hiyo ni ule ule: badilisha njia, pita mtaa mwingine, safiri. Ushauri huo si mbaya, lakini una kasoro mbili. Kwanza, mwenye saa ya kuripoti kazini hana njia kumi za kuchagua. Pili, na hili ndilo ninalotaka kulieleza hapa, mazoea si adui wa shukrani. Aliyeizoea njia ndiye anayejua jana ilikuwaje, na asiyeijua jana hawezi kuliona lililoongezeka leo. Mgeni huona kila kitu, ila hawezi kuona kilichobadilika.

Nazungumza hasa na ndugu zetu walioko miji ya kaskazini, wanaoendesha baiskeli kwenda kazini, chuoni au kujinyoosha tu, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Mfano wangu ni Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mji wenye Wakenya wengi na Wasomali waliokulia Nairobi au katika kambi za Dadaab na Kakuma, kiasi kwamba kukisikia Kiswahili dukani si jambo la ajabu. Njia yenyewe inaitwa Midtown Greenway. Ni ya baiskeli na waenda kwa miguu, ina urefu wa kilomita 9 hivi, nayo inakatiza kusini mwa mji kutoka karibu na maziwa, upande wa magharibi, hadi karibu na mto Mississippi, upande wa mashariki. Aliyeko Leeds, Toronto au Hamburg abadilishe majina tu. Kazi ni ile ile.

Kwa nini Machi

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatukuzoea kulishukuru jua kwa kuwahi kuchomoza. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki saa moja. Ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa zetu kuanzia mapambazuko, na hesabu ikaenda sawa Januari mpaka Desemba. Ihamishie Minneapolis, inavurugika. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili kasoro dakika kumi hivi na kuzama saa kumi na nusu. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni anapanda baiskeli gizani. Mwanga wa siku nzima hauzidi saa 8 na dakika 50. Kufikia Juni 21, unapita saa 15 na nusu.

Mwanga huo wote lazima uingie kwa mlango fulani, na mlango wake mkubwa ni Machi. Katika mwezi huo mchana hurefuka kwa takriban dakika 3 kila siku, kasi ambayo haipatikani Januari wala Mei. Ndani ya wiki moja umeongezewa dakika 20. Tarehe 20 hivi mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote, na kwa siku chache mtu wa Minneapolis na ndugu yake wa Mombasa wana mchana wa urefu karibu mmoja. Ukimpigia simu siku hizo, mweleze. Ni habari njema isiyohitaji fedha ya kutuma.

Tahadhari moja: Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa mbele. Asubuhi yako, iliyokuwa imeanza kupata mwanga, inarudishwa gizani, na jioni inapewa zawadi ya saa nzima. Basi katika wiki mbili zinazofuata usiifungue taa ya baiskeli ukaiweka kabatini, na usiyatafute mabadiliko asubuhi. Yatafute wakati wa kurudi.

Uzuri mwingine wa Machi ni kwamba haina uzuri. Hakuna ua, hakuna jani. Kuna theluji iliyogeuka nyeusi kwa vumbi, mchanga uliomwagwa barabarani wakati wa baridi, na takataka zilizofichwa na theluji tangu Desemba. Anayesubiri maua ndipo ashukuru atakuwa amekosa wiki sita za kazi iliyofanyika mbele ya macho yake. Machi inamfaa mtu anayetaka kujifunza kuona kidogo.

Baiskeli kwanza

Shukrani haikai na vidole vilivyoganda wala na breki isiyoshika. Kabla ya kuzungumzia moyo, tuzungumzie cheni.

Chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu hula chuma, na mchanga hukaa kwenye viungo vya cheni ukaisaga. Chagua siku yenye nyuzi 5 au 6 juu ya sifuri, uoshe baiskeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usugue cheni kwa mswaki wa zamani, uikaushe kwa kitambaa na kuiacha ipate hewa. Kisha tia tone la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha pedali, na ufute yaliyobaki nje. Mafuta mengi si wema. Yanakamata mchanga upya.

Baridi hupunguza nguvu ya upepo ndani ya tairi. Tairi uliloliacha gumu Oktoba litakuwa laini Machi hata kama halina pancha, basi lijaze. Tazama raba za breki: mchanga wa kipupwe huzila haraka. Kama huna madigadi, nunua, kwa sababu maji ya theluji iliyoyeyuka yanarukia mgongoni, na mtu aliyelowa mgongo haoni ndege.

Kuhusu mavazi, toka nyumbani ukihisi ubaridi kidogo. Ukitoka umeshapata joto, baada ya dakika 10 utakuwa umelowa jasho, na jasho likipoa ndilo litakalokutesa. Glavu nzuri na koti linalozuia upepo vina faida kuliko sweta tatu.

Barafu ndiyo hatari kubwa. Mchana theluji huyeyuka na maji yakavuka njia. Usiku yanaganda yakawa utando usioonekana, hasa chini ya madaraja na mahali pasipofikiwa na jua. Ukiuona mbele yako, usibane breki na usikate kona. Acha baiskeli iende moja kwa moja, mwili ukiwa umelegea. Penye mchanga kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Badiliko moja kila safari

Sasa kazi yenyewe. Chagua vituo vitatu kwenye njia yako, mahali ambapo macho yako yatatua kila unapopita, iwe unataka au hutaki. Usichague mahali pazuri. Chagua mahali panapobadilika. Kisha jiwekee sharti dogo: kila safari, tafuta badiliko moja. Ukitafuta matano utaanza kubuni.

Kituo changu cha kwanza ni kuta za mfereji. Sehemu kubwa ya Midtown Greenway imezama chini ya usawa wa barabara, kwenye mfereji mpana uliochimbwa kwa ajili ya treni, ukielekea mashariki na magharibi. Kwa kuwa jua la huku hukaa upande wa kusini, ukuta wa kusini hujitia kivuli wenyewe, na ukuta wa kaskazini hupigwa na jua siku nzima. Ukiwa unaelekea magharibi katikati ya Machi, mkono wako wa kushoto bado ni Januari na mkono wa kulia umeshafika Aprili. Mpaka kati ya theluji na udongo husogea kila siku, na ukiutilia alama kwenye nguzo ya daraja utaweza kuupima.

Kituo cha pili ni ziwa Bde Maka Ska, karibu na mwisho wa njia upande wa magharibi, lenye mzunguko wa kilomita 5 hivi. Barafu yake haiyeyuki kwa ghafla kama wengi wanavyodhani. Huanza kubadilika rangi: kutoka nyeupe kuwa kijivu, kutoka kijivu kuwa nyeusi, kwa jinsi maji yanavyoipenya. Kingo hufunguka kwanza, ukaona mkanda wa maji kati ya ufukwe na barafu. Siku za mwisho barafu hujigawa kuwa vipande virefu vyembamba vilivyosimama wima, na upepo ukivigonganisha vinalia kama vigae vya glasi. Kisha siku moja ya upepo mkali inatosha kuisafisha. Kwa kawaida hutokea kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Asiyepita kila siku huambiwa tu kwamba ziwa limefunguka. Anayepita kila siku amelifuata jambo hilo hatua kwa hatua.

Kituo cha tatu kiwe mti. Mierebi hutangulia: vijiti vyake hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya jani lolote. Kuna pia mti wa mepo wa aina inayopenda kando ya maji, unaotoa maua madogo mekundu ukiwa bado mtupu. Wenyeji wengi hupita chini yake miaka na miaka wasijue kwamba yale ni maua. Mwezi huo huo, usiku ukiwa chini ya sifuri na mchana juu yake, utomvu wa mepo hupanda na kushuka, na wenye kutengeneza sharubati yake hutega ndoo. Huhitajika lita 40 hivi za utomvu kupata lita moja ya sharubati. Masikio nayo yapewe kazi: penye matete, sikiliza ndege mweusi mwenye doa jekundu begani. Madume hutangulia kufika Machi ili kugombea maeneo, na majike hufuata baadaye.

Mpwa wangu, kijana wa sekondari, aliwahi kunifuata njia hiyo, na kabla hatujafika mbali uso ulikuwa umeshakunjamana.

"Mjomba, kwani hii njia hujaichoka?"

"Hebu niambie, mjomba, kimebadilika nini tangu tulipopita wiki iliyopita?"

"Hakuna kitu. Theluji tu na uchafu."

"Theluji iko upande gani?"

Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akapunguza mwendo. "Upande mmoja. Kwani kuna mtu anaifagia?"

Ukutani hakuna anayefagia, ni jua. Lakini swali lake lilikuwa zuri, kwa sababu hapo tulipokuwa tunapita, juu ya lami, kweli kuna mtu.

Fuata mikono

Shukrani nyingi huishia hewani kwa kukosa anwani. Mtu anasema "nashukuru kwa kila kitu," na kila kitu hakina jina. Dawa yake ni kuchukua kitu kimoja ulichokitumia na kuifuata mikono iliyokifikisha kwako, walau mitatu, kurudi nyuma.

Chukua lami ya Greenway. Mkono wa karibu kabisa ni wa dereva wa mji aliyepita na mtambo wa kusukuma theluji wewe ungali umelala. Mkono wa pili ni wa wakazi walioanza kujipanga katika miaka ya 1990, wakati treni zilikuwa zimepungua na mfereji umejaa magugu, wakadai ugeuzwe njia ya watu. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2000, njia ikafika upande wa mtoni mwaka 2006, na mwaka 2007 likafunguliwa daraja la nyaya linalovusha baiskeli juu ya barabara kuu ya Hiawatha, likapewa jina la Martin Olav Sabo, mbunge aliyewakilisha mji huo Washington kwa muda mrefu. Mkono wa tatu ni wa vibarua wa reli ya Milwaukee Road waliouchimba mfereji huo kati ya 1912 na 1916 ili treni zisigongane na watu barabarani. Hawakuwa wakikufikiria wewe. Hata hivyo, umbali mrefu unaoupita bila kusimama kwenye taa ya barabarani hata mara moja, chini ya madaraja ya zege yaliyopangana, ni matokeo ya kazi yao.

Fanya hivyo hivyo ziwani. Kwamba unaweza kulizunguka bila kukuta ukuta wa mtu binafsi si bahati. Mwaka 1883 mji ulipata bodi ya bustani za umma, na moja ya kazi zake ikawa kuhakikisha kingo za maji zinabaki mali ya wote. Uaminifu nao unakutaka uende nyuma zaidi ya hapo. Katika miaka ya 1830 kulikuwa na kijiji cha Wadakota kwenye ufukwe huo, chini ya kiongozi aliyejulikana kama Cloud Man, nao walikuwa wakilima. Baadaye Wadakota waliondolewa, na ziwa likabeba kwa muda mrefu jina la John C. Calhoun, makamu wa rais wa Marekani aliyeutetea utumwa. Jina la Kidakota lilirudishwa rasmi na jimbo mwaka 2018. Shukrani isiyotaka kujua nani alikuwepo kabla yako ni nusu ya shukrani.

Mikono mingine iko karibu zaidi. Baiskeli yenyewe: nani alikufundisha? Wengi wetu tulijifunzia kwenye Phoenix ya baba au ya jirani, tukipenyeza mguu chini ya bomba la juu la fremu kwa sababu kiti hatukukifikia, na kaka au binamu akikimbia nyuma ameshika karia. Kama mtu huyo yuko hai, una namba yake, na unajua la kumwambia.

Kiondoe kwa mawazo

Njia nyingine ya kukiona kitu ulichokizoea ni kukiondoa. Mwaka 2008 watafiti Minkyung Koo, Sara Algoe, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Waliwataka baadhi ya watu wafikirie jinsi jambo jema la maishani mwao lilivyotokea, na wengine wafikirie jinsi ambavyo lingeweza lisitokee kabisa. Waliofikiria kutotokea ndio waliojikuta na furaha zaidi, ingawa watu walipotakiwa kubashiri hawakulitarajia tokeo hilo.

Kwenye baiskeli zoezi hili lina kipimo chake tayari. Ukipita chini ya daraja moja, ondoa kitu kimoja: mfereji ungefukiwa, njia hii ingekuwa maegesho ya magari, goti lako lingekuwa bado linauma kama mwaka juzi. Endelea na wazo hilo mpaka daraja linalofuata, kisha uliache. Ni sekunde chache tu. Usiondoe watoto wala wazazi. Anayeelekea kuwa na wasiwasi ataondoka hapo na hofu, si na shukrani. Anza na vitu vidogo.

Kamera nayo igeuzwe. Mwaka 2020 Virginia Sturm na wenzake walitoa utafiti kuhusu wazee waliotembea dakika 15 kila wiki kwa wiki 8. Kundi moja liliambiwa litembee tu. Jingine liliambiwa litazame kwa macho mapya na kutafuta la kustaajabisha. Kundi la pili liliripoti furaha zaidi, na katika picha walizojipiga, kadiri wiki zilivyopita, nyuso zao zilichukua nafasi ndogo na mandhari ikachukua kubwa. Hawakuambiwa wafanye hivyo. Basi kama lazima upige picha njiani, simama pembeni, upige kituo chako kimojawapo, kila mara kutoka mahali pale pale. Baada ya mwezi utakuwa na kitabu.

Iandike, isikie, usiizidishe

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu shukrani ni wa Robert Emmons na Michael McCullough, wa mwaka 2003. Katika sehemu yake ya kwanza, washiriki waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mpaka mambo matano ya kushukuru. Wakilinganishwa na walioandika kero zao, waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi, na walifanya mazoezi ya mwili zaidi. Baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake waligundua kwamba walioorodhesha neema zao mara moja kwa wiki walinufaika kuliko walioorodhesha mara tatu. Si vigumu kuelewa. Sisi wenyewe tukiulizwa hali hujibu "tunamshukuru Mungu" kabla hatujaikumbuka sababu. Kinachorudiwa mno hubaki mdomoni.

Kwa hiyo weka daftari dogo, uandike Jumapili jioni mistari isiyozidi mitano. Iwe mistari yenye mwili. "Nashukuru kwa afya" ni kweli, lakini haikumbukwi. "Jumatano barafu ya chini ya daraja la Chicago Avenue ilikuwa imekwisha, nikapita bila kushuka" itakumbukwa mwakani. Andika kwa lugha unayoiotea ndoto.

Kisha shukrani itoke mdomoni mwako iende kwa mtu. Aliyelelewa kwetu hafundishwi kusalimia, ila baiskeli na kofia ngumu hutufanya tusahau. Ukimpita mfanyakazi anayefagia mchanga, punguza mwendo, umwambie asante. Karibu na Greenway, jirani na barabara ya Lake, liko jengo la maduka ya Kisomali linaloitwa Karmel. Humo unapata sambusa na chai ya maziwa yenye iliki, na mara nyingine mzee aliyeishi Eastleigh au Mombasa. Mwambie "Shikamoo, mzee," usikie "Marahaba" yake, na mwulize Machi ya kwanza aliyoiona huku ilikuwaje. Utapata simulizi ambayo hakuna kibao cha njiani kinachoitoa.

Si deni

Hapa lazima niwe wazi, hasa kwa sisi tuliohama. Mhamiaji huambiwa ashukuru kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenyeji humwambia ashukuru kupokewa. Waliobaki nyumbani humwambia ashukuru kwa kuwa amefika kwenye neema. Mwajiri anayepunja saa za kazi naye hutumia neno lile lile. Shukrani ya namna hiyo ni kufuli la mdomo: kazi yake ni kukuzuia usiulize.

Ninayoizungumzia mimi haina mdai. Hakuna aliyekusimamia chini ya mwerebi akisubiri useme asante. Na haikuzuii kudai kilicho chako. Unaweza kuushukuru mwanga wa saa moja jioni na kesho yake ukamwandikia mwenye nyumba kuhusu hita iliyoharibika tangu Februari. Unaweza kumshukuru dereva wa mtambo wa theluji na papo hapo ukapiga 311, namba ya huduma za mji, kuripoti shimo lililofunguka kwenye lami. Anayeitazama njia yake kwa makini ndiye atakayeliona shimo kwanza. Macho ni yale yale.

Kuna pia siku ambazo shukrani haiji. Umepokea habari ya msiba kutoka nyumbani, na nauli ya kwenda kuzika haipo. Siku kama hiyo usijilazimishe. Wahenga walisema moyo usio na shukrani hukausha mema yote, lakini walikuwa wakimsema mtovu wa adabu, si mfiwa. Endesha taratibu, tazama vituo vyako vitatu, usivitakie kitu. Kutazama peke yake ni kazi inayotosha, na siku nyingine utakuta uzi haukukatika.

Aprili na baada yake

Mwishoni mwa Aprili na kuingia Mei, Minneapolis hulipuka kijani ndani ya siku chache. Hapo kila mtu atakuwa anashukuru, na wewe utashawishika kuacha vituo vyako kwa kuwa uzuri uko kila mahali. Usiviache. Mambo yakiwa mengi ndipo macho yanaporudia uvivu wao wa zamani, yakaona "kijani" tu yasione mti. Endelea na badiliko moja kwa safari, mistari mitano kwa wiki.

Kama unaanza wiki ijayo, usianze na yote niliyoyataja. Jumamosi safisha cheni na ujaze tairi. Jumatatu chagua kituo kimoja tu, kile unachokipita ukiwa umepunguza mwendo tayari, kwenye mlima au kwenye kona. Jumapili andika ulichokiona kimebadilika, hata kama ni mstari mmoja. Kituo cha pili kiongezwe wiki ya pili, cha tatu wiki ya tatu. Mchukue mtu siku moja, mtoto au mgeni aliyefika mjini juzi, umwulize swali la theluji iko upande gani, na umwache atafute mwenyewe.

Daftari hilo lihifadhi. Mwaka wa kwanza utalinganisha leo na jana. Machi ijayo utalinganisha na Machi iliyopita: barafu imewahi au imechelewa, ndege mweusi amefika lini, mwerebi uliokatwa umechipuka au la. Mwaka wa tatu utakuwa unaona mambo ambayo mwaka huu huna njia ya kuyaona, si kwa sababu njia imekuwa nzuri zaidi, bali kwa sababu umeipita mara nyingi zaidi.